Sura ya 7: Chagueni Mwaka Kabla ya Gauni

Wapiga picha wa mitindo wakikutana, swali hili halikosi: kwa nini picha zetu za "enzi zile" hazimdanganyi mtu? Gauni limepatikana, gari kuukuu limeazimwa, mwanamitindo anapendeza, na rangi ya kahawia imemwagwa juu ya kila kitu kwenye kompyuta. Bibi akionyeshwa picha hiyo anaishia kucheka na kusema, "Sisi hatukuvaa hivi." Swali la pili hufuata papo hapo: tukiamua kufanya kazi hii wawili, mimi na mpiga picha mwenzangu, nani ashike kamera, nani ashike taa, na picha zitakuwa za nani?

Maswali hayo mawili yana dawa moja, nayo ni kuchagua mwaka. Wapiga picha wawili wakikubaliana kwa maandishi mwaka mmoja, mahali pamoja na mtu mmoja wa kusimuliwa, mambo mengine hujipanga yenyewe: vazi, nywele, ukuta, saa ya kupiga, hata nani afanye nini. Wakisema tu "tufanye kitu cha zamani", mmoja atakuja na gauni la 1955, mwenzake ataleta miwani ya 1985, na siku nzima itaishia kwenye mabishano.

Mifano ya sura hii inatoka Arusha na vitongoji vilivyo chini ya Mlima Meru. Mji huu una majengo, masoko, mafundi na mwanga wa kutosha kufanya kazi nzuri bila bajeti ya kampuni kubwa.

Zamani ya nani?

Arusha ina zamani zaidi ya moja. Kabla ya kutafuta nguo, amueni mnapiga ipi kati ya hizi tatu.

1. *Zamani ya walowezi na wawindaji.* Boma la Wajerumani, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilikamilika mwaka 1900. Reli ilifika mjini mwaka 1929. Filamu ya Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962 na kumwonyesha John Wayne akikamata wanyama, ilipigwa huku, ikiwemo Momella, chini ya Meru.
2. *Zamani ya Azimio na Jumuiya.* Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilianzishwa, makao yake makuu yakawa hapa hadi ilipovunjika mwaka 1977. Makarani na wataalamu kutoka Kenya, Uganda na pande zote za Tanzania walikuja kufanya kazi kwenye mji huu mdogo, na walivaa.
3. *Zamani ya nyumbani.* Hii ndiyo iliyomo kwenye albamu za familia: harusi, kipaimara, mtoto wa kwanza, kijana aliyepata kazi kiwandani.

Zamani ya kwanza ndiyo inayokimbiliwa zaidi, na ndiyo yenye mtego mkubwa. Kofia ngumu ya mkoloni, buti, turubai na Land Rover hupendeza machoni, hasa kwa mteja wa utalii. Lakini kabla ya kupiga, angalieni nani amekaa kwenye kiti na nani amesimama nyuma akiwa amebeba mzigo. Mkipanga picha kama filamu za wakati ule, mtakuwa mmewarudisha babu zenu kwenye nafasi ileile ya kubeba. Hakuna anayewakataza kuupiga wakati huo, ila badilisheni mhusika mkuu. Awe mkulima wa kahawa wa Kimeru aliyevaa koti lake la Jumapili, au fundi wa reli. Awe hata mmoja wa wakimbizi wa Kipolandi, takriban 5,000, waliopokelewa Tengeru kuanzia mwaka 1942, ambao makaburi yao bado yanatunzwa huko.

Zamani ya pili ina utajiri ambao wengi hawajaugusa. Ni wakati wa suruali za pekosi, yaani zilizobana mapajani na kupanuka chini. Viatu vya raizoni, vyenye soli nene na kisigino kirefu. Nywele za afro. Na Kaunda suti kwa wakubwa wa ofisi. Ni wakati pia ambapo nguo ilikuwa jambo la siasa. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, na kuanzia Januari 1, 1969 ukapiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana jijini Dar es Salaam. Karibu na wakati huohuo serikali ilikuwa ikiwashinikiza Wamasai wa huku kaskazini waache shuka na kuvaa suruali. Mkimvisha binti sketi fupi ya mwaka 1970, tayari ana hadithi: anajua kuna watu watakaomkodolea macho, naye ametoka hivyohivyo. Uso wake utajua cha kufanya mbele ya kamera.

*Kwa ufupi:* andikeni sentensi moja yenye mwaka, mahali na mtu. Kwa mfano: "Arusha, 1973, karani wa Jumuiya anampokea mdogo wake kituo cha treni." Sura iliyobaki itaitumia sentensi hiyo.

Someni albamu kabla ya kununua chochote

Mwalimu wa kwanza wa kazi hii ni picha zilizopigwa wakati wenyewe. Kaeni na wazee, ombeni albamu, mzitazame picha taratibu. Mkipata nafasi ya kufika Zanzibar, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ni darasa. Mombasa palikuwa na studio ya Parekh, ambako wateja walijipanga kama nyota wa sinema za Kihindi. Lamu palikuwa na Bakor, aliyesifika kwa kuunganisha picha mbili au tatu kuwa moja. Kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alipiga wateja wake uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake.

Ukizilinganisha picha za studio za namna hiyo, utaona mambo yanayojirudia:

- Mtu hupigwa mwili mzima mara nyingi. Viatu vilinunuliwa kwa jasho, na jamaa watakaotumiwa picha lazima wavione.
- Mkono hauachwi bure. Umeshika redio, maua ya plastiki au mkoba, au umekunjwa ili saa ionekane.
- Tabasamu ni dogo au halipo. Kupigwa picha lilikuwa tukio, na mtu alisimama kama aliye kwenye tukio.
- Picha nyingi za miaka ya 1960 na 1970 ni nyeusi na nyeupe, zenye ukingo mweupe, na nyingine ni za mraba.

Umbo la mraba lina sababu yake. Kamera nyingi za studio zilitumia mkanda mpana uliotoa picha 12 za mraba. Aina moja iliyopendwa sana ilikuwa na lenzi mbili, moja juu ya nyingine, na mpiga picha aliinamisha kichwa kuangalia kioo kilicho juu yake. Kwa hiyo kamera ilikaa usawa wa kitovu au kifua chake. Mtu akipigwa kutoka hapo anaonekana mrefu, mwenye mabega na heshima. Leo tunapiga kamera ikiwa usawa wa macho, halafu tunashangaa kwa nini pozi la zamani halikai. Shusheni kamera hadi kifuani na mtaona tofauti kwenye picha ya kwanza.

Rangi ya kahawia nayo ina wakati wake. Inafaa picha za mwanzoni mwa karne iliyopita. Picha ya mwaka 1973 iliyosafishwa vizuri ilikuwa na weusi mzito na weupe safi, na wala haikuwa kahawia. Kama mwaka wenu ni 1973, iacheni kahawia.

Nguo: mtumba au fundi?

Jibu la haraka ni soko la mitumba, na Arusha haina uhaba. Kuna mitumba katikati ya mji, na kuna Tengeru siku za gulio, Jumatano na Jumamosi, ambako nguo humwagwa chini karibu na ndizi na maparachichi. Fikeni mapema, marobota yakifunguliwa. Ukishika gauni, usiangalie rangi kwanza. Ligeuze ndani. Zipu ya chuma, hasa iliyowekwa ubavuni, ni dalili nzuri kwa gauni la kabla ya miaka ya 1970. Pindo pana lililoshonwa kwa mkono ni dalili nyingine. Lebo yenye jina la nchi isiyokuwepo tena, kama Ujerumani Magharibi, inakuhakikishia kwamba nguo ina zaidi ya miaka 30. Mabega yaliyojazwa sponji yanakupeleka miaka ya 1980, hata muuzaji akiapa vipi.

Lakini kuna jambo la kulikumbuka. Biashara ya mitumba nchini ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Gauni zuri la 1972 mnalolikuta Tengeru huenda lilivaliwa Ulaya au Marekani mwaka huo, na mtu wa Arusha hakuwa nalo. Yeye alikwenda kwa fundi cherehani na kitambaa chake: tetroni au terilini kwa suruali, kitenge au khanga kwa gauni. Viwanda kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Kiltex cha hapahapa Arusha, vilikuwa vikitoa vitambaa.

Kwa hiyo, kwa zamani ya pili na ya tatu, fundi ndiye mshirika wenu wa kwanza. Mpelekeeni picha halisi kutoka kwenye albamu. Fundi mwenye umri atatazama kola na kuwaambia bila kusita ilivyokatwa. Gharama ya kushonesha suruali moja ya pekosi si kubwa kuliko kukodi nguo tatu zisizofaa.

Nywele msizisahau. Nywele za kusukwa kwa uzi, twende kilioni na afro ya kuchanwa huweka mwaka kwenye picha haraka kuliko nguo. Nyusi zilizochorwa kwa mtindo wa leo na kope za bandia huufuta haraka vilevile.

*Onyo moja la kisheria:* kwenye mitumba mtakutana na majaketi ya mabaka ya kijeshi, na yanavutia kamera. Yaacheni. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala mavazi yanayofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa wenye mavazi hayo kuyasalimisha.

Mahali na mwanga

Jengo nalo lina umri, na linaweza kuwasaliti. Majengo ya AICC ni mazuri kwa picha, lakini yalijengwa miaka ya 1970 na kituo chenyewe kikaanzishwa mwaka 1978. Karani wenu wa 1973 hawezi kupozi mbele yake kana kwamba yamekamilika. Boma linafaa mwaka wowote tangu 1900. Kituo cha treni ni hazina: treni za abiria zilikaa zaidi ya miaka 30 bila kufika Arusha, zikarudi Oktoba 2020. Mashamba ya kahawa, Ziwa Duluti na barabara zenye mijakaranda havina tarehe, na mijakaranda ikichanua karibu na Oktoba na Novemba, njia nzima inakuwa zambarau.

Kwa picha ya ndani, pambeni sebule kwa redio. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo televisheni katika sebule ya Arusha ya 1973 itamshangaza mzee yeyote. Redio ndiyo ilikuwa bwana wa nyumba, na Arusha yenyewe ilikuwa na kiwanda cha Philips, ambacho jina lake bado linatajwa na makonda wa daladala.

Sasa mwanga. Arusha iko nyuzi tatu na ushei kusini mwa ikweta. Jua hapa huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, likicheza robo saa tu huku au kule. Hushuka karibu wima, takriban nyuzi moja kila dakika nne. Maana yake ni kwamba ule mwanga laini wa dhahabu, jua linapokuwa chini ya nyuzi sita, unadumu kama dakika 25. Ulaya mpiga picha anaweza kuwa nao saa nzima au zaidi. Hapa ukibadilisha lenzi mara mbili umeisha. Saa sita mchana jua liko utosini, na macho ya mwanamitindo yanageuka mashimo meusi.

Meru uko kaskazini mwa mji. Asubuhi na mapema mara nyingi huwa wazi, kisha mawingu hupanda na kuuficha. Disemba na Januari jua hupita upande wa kusini na kuumulika uso wa mlima unaotazama mjini. Juni na Julai hupita kaskazini, na mlima huonekana kama kivuli cha bluu. Miezi hiyo ya baridi ina faida yake, kwa sababu wingu la asubuhi hukaa muda mrefu na kutoa mwanga laini kama wa studio. Masika, Machi hadi Mei, ni ya kazi za ndani.

Wapiga picha wawili, macho manne

Kosa la kawaida la wawili ni kupiga kwa wakati mmoja. Mwanamitindo hajui atazame wapi, na mnarudi nyumbani na picha mbilimbili za kitu kilekile. Pigeni kwa zamu. Mmoja akiwa na kamera, mwenzake anakuwa *mlinzi wa mwaka*, yaani mtu ambaye kazi yake yote ni kuhakikisha mwaka mliouchagua hauvunjwi. Anatazama pembe za picha na kuondoa:

- simu, chupa ya maji ya plastiki, vipokea sauti vya masikioni;
- mita ya LUKU, dishi la setilaiti, nondo za dirisha la alumini;
- bodaboda na bajaji zinazopita nyuma;
- kibao cha namba cha gari, maana namba za sasa ni za juzi tu;
- mchoro wa mwili usioendana na mhusika.

Baada ya vazi moja, badilishaneni. Jaribuni pia kujinyima: kila zamu iwe na picha 12 tu, kama mkanda wa zamani. Keïta kwa kawaida alipiga picha moja tu kwa mteja, kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Mwanamitindo akijua hakuna mia mbili, anatulia, na utulivu huo ndio unaouona kwenye picha za wazee.

Mlinzi wa mwaka ndiye pia anayeongea na watu. Mkiliona Peugeot 404 uani kwa mzee, msianze na kamera.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, hamjambo?"

"Hatujambo. Tumelipenda gari lako, tukasema kwanza tuje tusikie habari zake."

Mzee akishaeleza gari lilivyonunuliwa, atawaonyesha mwenyewe taa zilizobadilishwa na kiti kisicho cha asili. Hapo ombeni ruhusa, mkubaliane malipo au zawadi, na baada ya kazi mpelekeeni nakala iliyosafishwa.

Karatasi ya makubaliano

Urafiki wa wapiga picha hauvunjwi na kazi yenyewe. Huvunjwa wiki mbili baadaye, mmoja akiziweka picha mtandaoni bila jina la mwenzake. Andikeni ukurasa mmoja kabla ya kutoka:

1. Wazo ni la nani, na mwaka uliochaguliwa ni upi.
2. Nani analipa nini: fundi, usafiri, chakula, ruhusa, mpambaji.
3. Kila mmoja anamiliki alizopiga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa kazi, na katika picha mtunzi ni aliyepiga. Kama mnataka kumiliki kwa pamoja, andikeni hivyo.
4. Picha zitatoka siku gani, na majina gani yatatajwa: wapiga picha, mwanamitindo, fundi, mpambaji.
5. Mteja akitaka kununua, fedha zinagawanywaje.

Mwanamitindo naye asaini fomu ya ridhaa, yaani karatasi inayoeleza picha zake zitatumika wapi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo halipaswi kuchukuliwa kama adabu tu. Akiwa chini ya miaka 18, mzazi au mlezi asaini.

Kuhusu mahali, ulizeni mapema. Makumbusho, kituo cha treni na mashamba vina wenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko chini ya TANAPA, na upigaji wa kibiashara una kibali chake, mbali na kiingilio. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mkipiga na video ya kibiashara, wasilianeni na Bodi ya Filamu.

Ratiba ya siku moja

- *Saa kumi alfajiri:* nywele na vipodozi nyumbani kwa mmoja wenu.
- *Saa kumi na mbili na robo:* mko mahali pa kwanza, Meru nyuma, kamera imeshaandaliwa.
- *Saa mbili hadi saa nne:* vazi la pili, kivulini, kwenye ukuta au baraza. Mnabadilishana zamu.
- *Saa tano hadi saa tisa:* chakula, picha za ndani, redio na pazia. Jua la nje liacheni.
- *Saa kumi na moja na nusu:* mahali pa mwisho, vazi lenu bora. Dakika 25 zinakuja na hazisubiri.

Usiku huohuo, kila mmoja ahifadhi nakala za picha za mwenzake. Kesho yake kaeni pamoja mchague, na kila picha ipimwe kwa ile sentensi mliyoiandika mwanzo. Picha nzuri isiyo ya mwaka wenu iwekeni pembeni, hata kama ni yako.

Wawili wasioweza kukubaliana mwaka mmoja mezani, chai ikiwa mbele yao, hawatakubaliana uwanjani huku jua likizama. Kwa hiyo kabla hujamwita mwanamitindo na kabla hujaenda Tengeru, mpigie mwenzako simu mkae. Mkiafikiana mwaka, sehemu ngumu ya kazi imekwisha. Msipoafikiana, kila mtu apige zake kwa siku yake, na urafiki ubaki.